Mficha Maradhi, na Waliomfundisha Kuficha



Wasomaji wetu watukufu, Mwenyezi Mungu alitufikisha katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1441 (2020), ingawa ilikuwa Ramadhani ambayo hata wazee wetu hawakupata kuiona mfano wake. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu mwezi wa Machi. Adhana ilipigwa, lakini safu hazikupangwa. Tarawehe ilisaliwa sebuleni, baba mbele, wana wa kiume nyuma yake, na mama na mabinti nyuma yao. Futari ililiwa kwa haraka, kwa kuwa ilipofika saa moja usiku kafyu ilikuwa imeshaingia. Na yule mama aliyekuwa akikaanga viazi vya karai na kaimati kando ya njia, akilisha wanawe kwa mauzo ya saa mbili za jioni, hakuwa na mpita njia wa kumuuzia.

Juu ya hayo, tangu tarehe 6 Mei 2020 ndugu zetu wa Mji wa Kale hapa Mombasa, pamoja na wenzao wa Eastleigh kule Nairobi, walizuiwa kutoka katika mitaa yao kwa muda wa siku 15, na wa nje walizuiwa kuingia. Sababu iliyotolewa ni kwamba wagonjwa wa korona waliopatikana huko walikuwa wamezidi. Na kwa upande wetu wa Mombasa kulikuwa na jambo la pili lililosemwa kila siku, nalo ni kwamba wakazi wengi walikataa kutoka majumbani kwenda kupimwa. Jambo hili la pili ndilo tunalotaka kulizungumza.

Waliokataa kupimwa walipewa majina. Waliitwa wakaidi, waliitwa wajinga, na kila aliyewalaumu alikuwa na methali tayari mdomoni: mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ni ya kweli na hatuna nia ya kuipinga. Lakini yamtazama mtu mmoja tu, yule afichaye. Haiulizi alijifunza wapi kuficha, wala nani aliyekuwa mwalimu wake.

Tukumbuke jinsi habari hii ilivyotufikia. Mwezi wa Januari 2020, tuliposikia habari za mji wa Wuhan, watu walisema huu ni ugonjwa wa Wachina, na wako waliowacheka kwa vyakula vyao. Ukafika Italia, ikasemwa ni wa Wazungu na wazee wao. Tarehe 13 Machi, siku ya Ijumaa, serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa Kenya, mwanamke Mkenya aliyerejea kutoka Marekani kwa kupitia London. Hapo macho yakawageukia wasafiri. Mtu aliyeshuka uwanja wa ndege na sanduku lake akawa atazamwa na majirani kama aliyebeba bomu, hata akiwa ametoka Dubai kuwatafutia wazee wake riziki. Kisha ugonjwa ukashuka mitaani, na ukawa ni ugonjwa wa Mji wa Kale. Katika kila hatua kulikuwa na mwingine wa kubebeshwa, na aliyebebeshwa akawa amehukumiwa kabla ya kuuguzwa.

Katikati ya hayo uvumi nao ulifanya kazi yake. Wengi wanakumbuka ule usiku ambapo watu katika sehemu mbalimbali za nchi waliamshana kwa simu wanywe chai ya rangi, strungi, kwa kuwa eti kuna mtoto mchanga aliyesema ndiyo dawa. Strungi haikumdhuru mtu. Uvumi uliodhuru ni ule uliokuwa na majina ya watu. Palipopatikana mgonjwa, jina lake, picha yake, mtaa wake na hata duka la mumewe vilizunguka katika makundi ya WhatsApp kabla ya yeye mwenyewe kupewa majibu yake. Sauti zilirekodiwa zikisema familia fulani isisogelewe. Watu waliokwenda hospitali kwa miguu yao, kwa nia njema, wakarudi wakakuta majirani wamefunga madirisha.

Msomaji wetu mmoja, mama wa watoto wanne, alitueleza kwa simu kwamba mwanawe wa kwanza alishikwa na homa na kikohozi. Alimfungia chumbani, na majirani akawaambia amekwenda kwa shangazi yake. Tulipomuuliza kwa nini hakutafuta wa kumpima, hakusema kwamba haamini ugonjwa upo. Alisema ana mabinti wawili wa kuozwa, na kwamba nyumba ikishasimama gari la hospitali mlangoni, ukoo mzima utatajwa kwa gari lile hata baada ya miaka. Kijana amepona, walhamdulillahi, na hakuna ajuaye ilikuwa nini. Lakini katika nyumba ile yumo pia nyanya yao, mgonjwa wa sukari.

Mama huyu si mjinga. Alizipima hasara mbili, akaiona moja kuwa ya hakika na nyingine kuwa ya shaka. Maradhi huenda yakampata nyanya na huenda yasimpate, ila ulimi wa mtaa alikuwa na yakini nao.

Wenye mamlaka nao wana fungu lao katika somo hili. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi, siku ya Ijumaa, wafanyakazi waliokuwa wakirudi makwao walikuwa wamejaa pale kivukoni Likoni wakingoja feri. Walipigwa virungu, wakatupiwa vitoa machozi, na watu walioambiwa wakae mbali mbali wakasongamana na kukohoa kwa moshi. Mwezi wa Aprili ikatangazwa kwamba atakayekamatwa akivunja kafyu atapelekwa karantini siku 14. Kwa wiki nyingi waliowekwa karantini walitakiwa wajilipie wenyewe, hata serikali ikaja kusema itabeba gharama hizo katika vituo vyake. Basi mtu wa kawaida ataelewaje? Mahali anapopelekwa mvunja sheria na mahali anapopelekwa mgonjwa pamekuwa ni pamoja. Ukifanya matibabu yafanane na kifungo, usishangae mgonjwa anapojificha kama mtoro.

Hatusemi haya ili kumpa yeyote udhuru wa kukataa kupimwa. Ugonjwa huu una tabia ambayo haisameheki kwa kuficha. Mtu aweza kuubeba siku kadhaa kabla ya kuona dalili yoyote, na wengine hawazioni kabisa, na wakati wote huo akiongea, akicheka au akikohoa hutoa matone madogo yanayomfikia aliye karibu naye. Sasa zitazameni nyumba zetu za Mji wa Kale. Ukuta mmoja wahudumia nyumba mbili. Ngazi moja yapandwa na familia tatu au nne. Nyanya, wana na wajukuu wamo chini ya dari moja, na vijia ni vyembamba kiasi kwamba wawili wakipishana mabega yagusana. Ujirani huo ndio uliotulea, na ni neema. Lakini maradhi ya pumzi hupita katika njia zile zile zinazopita salamu na sinia za futari. Mji wa Kale haukuzidi mitaa mingine kwa ukaidi. Ni mahali ambapo watu wanaishi karibu karibu, na virusi havihitaji zaidi ya hapo.

Tena bandari yetu haikuanza leo kupokea maradhi kutoka mbali. Mwaka wa 1918 ile homa kuu ya mafua iliyoua mamilioni duniani iliingia nchi hii kupitia Mombasa, kwa meli. Mji uliofunguka kwa dunia hupata faida ya dunia na hupata pia mafua yake. Hilo nalo si aibu.

Kuna kisa kimoja cha pwani yetu hii ambacho twapenda wasomaji wakijue. Ijumaa ya tarehe 8 Mei 2020 ilitimia miaka 40 tangu Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni. Mtu wa mwisho kuipata ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizwa alikuwa Muislamu wa mji wa Merka, kule Somalia, juu kidogo ya Barawa walikotoka baadhi ya majirani zetu. Jina lake ni Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, mpishi katika hospitali ya mji huo. Mwezi wa Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba wagonjwa wa ndui ili awaoneshe njia, kwa dakika chache tu. Siku zilizofuata akashikwa na homa. Kwanza ikadhaniwa ni malaria, kisha tetekuwanga, akarudishwa nyumbani. Vipele vilipozidi aliingiwa na shaka kuwa ni ndui, lakini hakujitokeza, kwa kuhofia kambi ya kutengwa. Marafiki wakaendelea kuja kumtazama. Hatimaye mwenzake wa kazini ndiye aliyetoa habari.

Yaliyofuata ndiyo yenye mafunzo. Watu 161 waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja, mji ukachanjwa mtaa kwa mtaa, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Maalin akapona. Na baada ya miaka mingi, mtu yule aliyejificha akawa mhudumu katika kampeni ya kupambana na polio nchini mwake. Akienda kwa akina mama waliosita kuchanja watoto wao, huwaeleza habari yake mwenyewe, jinsi alivyoiogopa sindano hata akakosa chanjo ya ndui, akaupata ugonjwa. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2013. Watu wake hawakumfanya mkosa wa milele. Walimpa nafasi ya kusimama tena mbele ya watu, na kwa nafasi hiyo akawafaa wengi.

Jamii yetu ina neno zito, sitara. Twafundishwa kwamba anayemsitiri ndugu yake Muislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri yeye duniani na Akhera. Lakini yapo makosa mawili katika kulitumia neno hili siku hizi. La kwanza ni la anayedhani kwamba kumficha mgonjwa ndani, huku nyanya na watoto wakilala chumba kile kile, ndiyo sitara. Kinachositiriwa ni heshima ya mtu. Hatari iliyo juu ya watu wengine haina sitara, bali ina amana, na mwenye amana hutakiwa aitoe kwa anayehusika. Kosa la pili ni la anayesambaza jina la mgonjwa kwa kisingizio cha kutahadharisha. Daktari na maafisa wa afya ndio wanaohitaji kulijua jina hilo ili wawafuate waliokutana naye. Mtaa wa pili hauhitaji. Kundi la WhatsApp la jamaa wa harusi halihitaji. Ukweli ni kwamba kosa la pili ndilo mama wa lile la kwanza.

Na liko jambo la kutuliza nyoyo. Katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), Muislamu anayekufa kwa tauni amehesabiwa kuwa na daraja ya shahidi, na wanavyuoni wengi wa zama hizi wanatarajia daraja hiyo kwa wanaokufa kwa maradhi haya. Basi itakuwaje kifo chenye matarajio ya shahada kiwe fedheha kwa watoto wa marehemu? Ni kweli mazishi ya siku hizo yaliumiza. Watu 15 tu ndio walioruhusiwa makaburini, matanga hayakukaliwa, na akina mama hawakupata kukusanyika kumliwaza mfiwa. Lakini uchache wa wazikaji ulikuwa ni amri ya wakati, na haupunguzi cheo cha mtu mbele ya Mola wake.

Sasa tufanye nini? Twapendekeza mambo machache, na mengi yamo mikononi mwa akina mama.

Kwanza, simu. Ikikufikia sauti au picha yenye jina la mgonjwa, ikome kwako. Usiitume hata kwa dada yako. Na aliyekutumia mwambie kwa upole kwamba hilo ni jina la mtoto wa mtu.

Pili, mlango wa jirani. Familia ikichukuliwa karantini au ikitakiwa isitoke, ndiyo siku ya kujua ujirani. Sinia la futari liwekwe mlangoni, ubishe hodi, urudi nyuma hatua kadhaa, umuone ameichukua, umpe salamu kwa mbali. Dawa za mzee wao zinunuliwe. Apigiwe simu kila jioni aulizwe hali. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, na haki hiyo haijafutwa. Imebadilika namna ya kuitekeleza.

Tatu, mgonjwa wa nyumbani. Mwenye homa, kikohozi au pumzi kumbana apewe chumba chake ikiwezekana, na kisipopatikana alale karibu na dirisha lililo wazi. Amhudumie mtu mmoja tu, aliye na afya, avae barakoa yeye na mgonjwa, na anawe kwa sabuni kila atokapo. Vyombo vya mgonjwa viwe mbali. Wazee, na wenye sukari, presha au pumu, wasiingie hapo kabisa. Kisha ipigwe namba 719, ambayo ni bure, waelezwe hali ilivyo. Anayesita kupimwa kwa ajili ya saumu yake amuulize sheikhe wake, wala asiifanye shaka hiyo kuwa pazia la kujifichia.

Nne, maneno ya nyumbani. Watoto wanasikia. Mtoto anayesikia mama yake akisema "wale wana korona" kwa sauti ya kutema mate, atakuja kuogopa kumwambia mama huyo huyo kwamba anaumwa koo.

Kwa maimamu, wazee wa mitaa na viongozi wa kaunti tuna ombi pia. Watumeni majumbani wahudumu wa afya wa kujitolea wanaotoka mitaa hii hii, na kwa akina mama watumeni wanawake wenzao. Gari lisije na askari pale anapotosha muuguzi. Anayepelekwa karantini katika mwezi wa Ramadhani ahakikishiwe futari yake, daku yake, mahali pa kusalia, na faragha kwa wanawake. Familia iliyobaki nyumbani ijue mpendwa wao yuko wapi na ni lini majibu yatatoka. Na aliyepona akirudi, imamu ampigie simu ya pongezi, wazee wa mtaa wampokee kwa dua, kila mtu akiwa mlangoni kwake. Siku watu watakapoona waliopimwa wanarudi na heshima zao zikiwa nzima, hakutahitajika kipaza sauti cha kuwaita wengine.

Idd ilikuwa imekaribia, na ilielekea kusaliwa majumbani. Hakukuwa na matarajio ya kupeana mikono, wala ya watoto kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba mkono wa Idd. Lakini zilikuwako nyumba zenye pengo kubwa kuliko hilo, kwa kuwa mmoja wao alikuwa kitandani au kituoni. Twawaomba wasomaji wetu wachague nyumba moja kama hiyo, waiombee dua katika usiku wa Laylatul-Qadri, na asubuhi yake waipelekee salamu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, awalinde madaktari na wauguzi wanaowahudumia, na azifungue ndimi zetu kwa kheri na azifunge kwa shari. Amin.

Wabillahi tawfiq.